Ordinatere ya kuunganisha: namna ya kuchagua memoari bila kupoteza franga

Katika miji kama Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, mtu anayetaka ordinatere ya meza kwa kazi yake ana njia mbili. Ananunua mashini nzima, mara nyingi ya okazio, ao anaenda kwa fundi amuunganishie moja: kesi hapa, prosesa pale, disiki kwa mwingine. Njia ya pili inapendwa kwa sababu mtu analipa kidogo kidogo, na kipande kimoja kikikufa anabadilisha hicho tu. Lakini kuko kipande ambacho wengi wananunua kwa kuhesabu giga tu, kisha wanajuta: memoari, ile inaitwa RAM.

Kosa linaanzia kwenye swali. Mnunuzi anafika kwa butike na kuuliza: «Kuko RAM ya giga 8?» Muuzaji anajibu kuko. Mtu analipa, anafika nyumbani, bareti inakataa kuingia. Ao inaingia, lakini mashini inalia bip-bip na kioo kinabaki cheusi. Akiirudisha, muuzaji anamwambia bareti ni nzima. Mara nyingi anasema ukweli: bareti ni nzima, ila haikutengenezewa mashini ile.

Memoari inafanya kazi gani

Disiki ni kama kabati ambamo vitabu vinalala. Memoari ni meza ya kazi: kila kitu kilichofunguliwa, iwe barua, muziki ao ukurasa wa intaneti, kinawekwa juu yake. Meza ikiwa ndogo, mashini inaanza kupeleka vitu kwenye disiki na kuvirudisha, na hapo ndipo inachelewa.

Kura ikikatika, meza yote inafutika mara moja. Kwa hiyo kuongeza giga hakulindi kazi ambayo haijahifadhiwa. Kinacholinda ni kuhifadhi kila mara, na onduleri nzuri.

Kwanza kartemeri, kisha bareti

Kartemeri ni lile bamba kubwa ambamo vipande vyote vinachomekwa. Ndiyo inaamua aina ya memoari, hapana mnunuzi. Aina zinazopatikana sana ni tatu:

- DDR3, iliyoingia sokoni 2007. Iko katika mashini nyingi za okazio, kama zile za Intel Core za kizazi cha 2 mpaka cha 4. Bareti yake ina meno 240.
- DDR4, iliyofika 2014. Ndiyo inatumika kwa kawaida katika mashini za meza za Intel za kizazi cha 8 mpaka cha 11, na katika kartemeri za AMD za soketi AM4. Ina meno 288.
- DDR5, ambayo kanuni zake zilitangazwa 2020. Kartemeri za AMD za soketi AM5 zinakubali hii peke yake. Nayo ina meno 288, lakini mkato wake uko mahali pengine.

Ule mkato mdogo kwenye meno ndio mlinzi. Umewekwa kusudi bareti ya aina moja isiingie katika nafasi ya nyingine, kwa sababu hata umeme zinazokula si sawa: volti 1,5 kwa DDR3, 1,2 kwa DDR4 na 1,1 kwa DDR5. Bareti ikikataa kuingia, isilazimishwe. Mwenye kusukuma kwa nguvu anaweza kuharibu bareti na kartemeri pamoja.

Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 12 mpaka cha 14 inafaa kuwa macho zaidi. Prosesa ileile inakubali DDR4 na DDR5, lakini karibu kila kartemeri imetengenezwa kwa aina moja. Kujua jina la prosesa hakutoshi. Lazima kusoma jina la kartemeri, ambalo limeandikwa juu ya bamba lenyewe.

Urefu pia unaangaliwa. Bareti ya ordinatere ya meza ina karibu santimetri 13. Ile ya mashini ya kubeba ni fupi, karibu santimetri 7, na haiingii katika kartemeri ya kawaida ya meza.

Mtego wa bareti za serva

Katika soko la okazio kunapita bareti zilizotolewa katika serva za makampuni. Zina giga nyingi na bei yake inavutia. Nyingi ni za aina inayoitwa «registered», na kartemeri ya kawaida ya meza haiwaki nazo, hata kama DDR ni ileile na meno yanaingia sawa.

Njia ya kuzitambua ni kusoma karatasi iliyobandikwa juu ya bareti. Kwa DDR3, mfano PC3-12800R ni ya serva, na PC3-12800U ni ya meza. Kwa DDR4, herufi inafuata alama ya kasi: PC4-2400T-R ni ya serva, PC4-2400T-U ni ya meza. Herufi moja hiyo inaweza kuokoa franga zote za mnunuzi.

Giga ngapi zinatosha?

Inategemea kazi. Windows 11 inaomba angalau giga 4, lakini kwa giga 4 mashini inachoka haraka mtu akifungua barua na kurasa kadhaa za intaneti pamoja. Kwa sekretariati ya kuandika, kuskani na kuimprime, giga 8 zinatosha. Kwa studio ya kupanga sauti, kwa picha na kwa mabango, giga 16 ni kipimo kizuri. Mwenye kukata video ndefu ao kuchora majengo anaweza kufika giga 32. Zaidi ya hapo, watu wengi wanalipia nafasi ambayo haitajazwa.

Kuko mambo mawili ya kukumbuka. Mashini isiyo na karte ya picha ya peke yake inakata sehemu ya memoari kwa ajili ya kioo. Na Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya giga 4, hata mtu akiweka 16. Mbele ya kuongeza, inafaa kuhakikisha kwamba sistemi ni ya biti 64.

Mwenye mashini tayari anaweza kujipimia. Afungue kazi zake zote za kila siku, kisha abonyeze pamoja Ctrl, Maj na Echap. Kwenye Windows, dirisha litakalofunguka linaonyesha memoari imejaa kiasi gani. Ikibaki karibu na mwisho, giga zinahitajika. Ikiwa nusu yake iko wazi na mashini bado ni nzito, shida iko pengine, mara nyingi kwenye disiki ya zamani ya kuzunguka. Hapo ni afazali kununua disiki ya SSD.

Bareti moja ao mbili?

Kartemeri nyingi za meza zinasoma memoari kwa njia mbili pamoja. Bareti mbili za giga 8 zinapitisha data haraka kuliko moja ya giga 16, na tofauti inaonekana zaidi katika mashini isiyo na karte ya picha. Zinapaswa kufanana. Kwenye kartemeri ya nafasi nne, mara nyingi bareti mbili zinawekwa katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Lakini mwenye franga kidogo anaweza kuanza na bareti moja na kuacha nafasi wazi kwa siku nyingine.

Kuhusu kasi, namba kama 2400 ao 3200 zisitishe mtu. Bareti mbili za kasi tofauti zikiwekwa pamoja, zote zinatembea kwa mwendo wa ile ya polepole. Na kartemeri isiyofika 3200 itaishusha bareti, hata ililipiwa bei kali. Kwa kazi za biro, kuongeza giga kunasaidia kuliko kuongeza kasi.

Kujaribu mbele ya kulipa

Tangu miezi ya mwisho ya 2025, bei ya memoari imepanda duniani. Viwanda vikubwa, ndivyo Samsung, SK hynix na Micron, vinaelekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwa mashini za akili bandia. Bei ya mpya ikipanda, watu wanakimbilia okazio, na okazio inaomba kujaribiwa.

Jaribio la kwanza ni kuiwasha palepale kwa muuzaji na kuona giga zote zinahesabiwa. Lakini bareti yenye ugonjwa inaweza kuwaka vizuri, kisha kuzimisha mashini kisha saa mbili. Programu ya MemTest86, inayowekwa kwenye kle USB na inayopatikana bure, inachunguza bareti yote. Inachukua muda, hata saa kadhaa. Hata kosa moja likionekana, bareti hiyo isinunuliwe. Muuzaji asipokuwa na nafasi ya kungojea, mnunuzi aombe garanti ya siku chache, iandikwe kwenye fakture.

Wakati wa kuibadilisha, waya wa kura unachomolewa kwanza, na mtu anagusa chuma cha kesi ili umeme wa mwilini utoke. Bareti inashikwa pembeni, hapana kwenye meno. Mashini ya zamani ikikataa kuwaka, mbele ya kununua ingine, mafundi wanatoa bareti, wanasugua meno taratibu na gome ya kufutia kalamu, wanapangusa mabaki, kisha wanairudisha. Mara nyingine shida ilikuwa vumbi tu.

Mwenye kwenda kununua aandike kwenye karatasi mambo matano: jina la kartemeri, aina ya DDR, giga zilizomo, nafasi zinazobaki wazi, na giga za juu ambazo kartemeri inakubali. Akikosa kujua moja, abebe bareti ya zamani mkononi, ao apige picha ya karatasi yake kwa telefone. Muuzaji akiona hiyo, swali si tena «kuko giga 8?», na jibu litakuwa la mashini yake kweli.