UMEFIKA WAPI, MWANDISHI?

Ndugu msomaji, hakuna swali linalomkera kijana anayeandika riwaya kama hili: "Umefika wapi?" Mama humuuliza akileta chai. Wenzake humuuliza maskani. Na akifungua kompyuta huulizwa na kompyuta pia, maana siku hizi programu za kuandikia zina namba ndogo pale chini inayohesabu maneno, na nyengine zina kimstari kinachojaa rangi kidogo kidogo kadiri unavyoandika. Kikijaa mpaka mwisho, ati kazi imekwisha.

Katika makala haya nataka tuitazame historia ya kimstari hicho, na historia ya swali lenyewe. Naona vijana wengi tunaotaka kuwa waandishi tunajipima kwa kipimo ambacho hatujui kilitoka wapi wala kilitengenezwa kwa kazi gani.

Kwanza tusidhani kwamba kupima kazi kumeletwa na kompyuta. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo. Hapa kwetu Unguja mtoto anayesoma chuoni anaulizwa kila siku amefika wapi, na jawabu analo. Huanza na alifu na be, akaingia juzuu ya Amma, ambayo ni ya 30 na ya mwisho, kisha akaendelea na msahafu mpaka akahitimu. Juzuu ni 30, sura ni 114, hazizidi wala hazipungui. Mtoto akikwambia yuko juzuu ya 15, wewe na yeye mnajua kwamba amefika nusu.

Mtazame tena mama anayesuka mkeka. Hasuki mkeka moja kwa moja, anasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, anaukunja, na baadaye anaushona. Akiulizwa amefika wapi, anaunyoosha ukili na kuupima kwa pima. Anajua mkeka wa kitanda unakula pima ngapi, kwa hivyo anajua zimebaki ngapi. Hawa wawili, mtoto wa chuoni na msukaji, wana bahati moja: mwisho wa kazi wanaujua kabla ya kuanza.

Je, watunzi? Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Watunzi wa tenzi walikuwa wahesabuji wakubwa. Kila mshororo una mizani nane, kila ubeti mishororo minne. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Shaaban Robert katika Utenzi wa Vita vya Uhuru alifika beti 3,000. Lakini tazama hesabu hiyo ilikaa wapi. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye wakati huo mgonjwa, na alipofika mwisho ndipo akataja idadi ya beti: 102. Watunzi wengi walifanya vivyo hivyo, wakaweka jina, tarehe na idadi katika beti za kufungia. Moja ya faida zake ni kwamba anayenakili kwa mkono akiruka ubeti atajulikana. Kwa hivyo mizani waliihesabu njiani, mshororo kwa mshororo, lakini jumla ya kazi waliitangaza ilipokwisha.

Sasa tuje hapa hapa Mtoni. Ukipita njia ya Bububu, upande wa bahari, yapo magofu ya jumba la Sayyid Said. Katika jumba hilo mwaka 1844 alizaliwa Bibi Salme, binti wa Sayyid, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Zama zile watoto wa kike wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri: alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu. Mfupa hauna kurasa wala hauhesabu maneno. Kilichomwonyesha kwamba anasonga mbele ni herufi yake mwenyewe kufanana na ile ya msahafu.

Mwaka 1866 Bibi Salme aliondoka Unguja. Akiwa Ujerumani, mjane mwenye watoto watatu, alianza kuandika habari za maisha yake ili wanawe wazijue. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886, na katika dibaji yake anasema kwamba azma ya kuandika aliiweka miaka tisa nyuma. Miaka tisa! Kama angekuwa na kimstari mezani pake, kingemwambia nini katika mwaka wa nne?

Hebu sasa tukitazame hicho kimstari kilikozaliwa. Kompyuta za zamani ukizipa kazi zilinyamaza kimya, na mtu akabaki hajui kama mashine inafanya kazi au imekufa. Mwaka 1985 Brad Myers, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alitoa utafiti juu ya jambo hili. Aliwapa wanafunzi 48 kazi ya kutafuta taarifa katika kompyuta, mara wakiwa na kimstari kinachoonyesha asilimia iliyokwisha, mara bila ya kitu. Asilimia 86 walisema wanakipenda kimstari. Kazi haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichopungua ni ule wasiwasi wa kutojua.

Sisi wa Unguja jambo hili hatuhitaji kuelezwa na profesa. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa chetu kilikaa bila umeme kwa sababu ya hitilafu ya njia ya umeme unaotoka Bara. Muulize mtu mzima yeyote, atakwambia giza lilikuwa baya, lakini lililochosha zaidi ni kutojua litakwisha lini. Mtu akijua mwisho wa dhiki huweza kupanga. Asipojua, hata siku moja humwia ndefu. Kwa hiyo kimstari si upuuzi, kina faida yake na faida hiyo ni ya kweli.

Lakini kinaweza pia kudanganya. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake walionyesha huko Marekani kwamba kimstari kinachoanza polepole na kwenda mbio mwishoni huwafanya watu waone wamengoja muda mfupi, ingawa saa ni ile ile. Maana yake nini? Maana yake mtengenezaji anaweza kukupendezesha bila ya kukuambia ukweli. Kumbe kimstari kinazungumza na moyo wa anayengoja zaidi kuliko kinavyoeleza hali ya kazi.

Kutoka kwenye kungoja kikahamia kwenye kuandika. Mwaka 1999 kijana mmoja wa California, Chris Baty, na wenzake, jumla yao watu 21, walishindana kila mmoja aandike riwaya ya maneno 50,000 katika mwezi mmoja. Mchezo huo ukaja kuitwa NaNoWriMo, ukaenea duniani, na kila mshiriki akawa anaona namba zake zikipanda. Gawa 50,000 kwa siku 30, ni maneno kama 1,667 kwa siku. Shirika lililouendesha lilitangaza kufunga mwaka 2025, lakini desturi yake imebaki. Programu kama Scrivener, iliyotoka mwaka 2007, zinakuruhusu uweke lengo lako la maneno na kukuonyesha kimstari kikijaa.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo la kwanza ni la hesabu ya darasa la tano. Asilimia ni sehemu ya kitu kizima. Kompyuta ikinakili faili inajua ukubwa wa faili zima, kama msukaji anavyojua pima za mkeka wake. Mwandishi wa riwaya hicho kizima hana. Kiko mbele, kinageuka kila sura. Lengo la maneno 50,000 hukulitoa ndani ya kisa chako, umelitoa hewani.

Tatizo la pili ni kwamba kihesabu hakisomi. Ukiandika kurasa kumi za maji matupu, namba inapanda. Ukikaa usiku mzima ukagundua mhusika wako hana kazi katika kisa, ukamfuta, namba inashuka, na kimstari kinarudi nyuma kama umefanya uvivu. Kumbe usiku huo ndio ulioandika khasa!

Tatizo la tatu ni letu sisi wa Kiswahili. Neno letu si sawa na neno la Mwingereza. Chukua "hatukumwambia". Sisi tumemaliza kwa neno moja, yeye atahitaji matano. Kwa hiyo ukilibeba lengo la maneno 50,000 kama lilivyo kutoka California, utabeba mzigo mkubwa kuliko wao, kisha ujione wewe ndiye mzito wa kuandika. Wazee wetu walipopima kwa mizani walitumia kipimo kilichokatwa kwa mwili wa lugha hii.

Tuwatazame sasa wakubwa wetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la hadithi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikatoka mwaka 1968. Miaka minane kati yake! Kisha kuanzia 1973 mpaka 1976 akatoa kitabu kila mwaka. Adam Shafi alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, halafu Vuta n'Kuvute ikaja mwaka 1999, baada ya miaka 20. Abdulrazak Gurnah alitoka Unguja mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1987. Nobeli ikamfika mwaka 2021. Ni kimstari gani kingewafaa watu hawa? Kingeganda miaka, na mtazamaji angesema hawa wamekwisha.

Hata hivyo sisemi tutupe vipimo. La hasha. Nawajua vijana wengi, na huenda wewe pia unawajua, ambao wamekuwa "wanaandika riwaya" tangu walipotoka skuli, na ukiwaomba ukurasa mmoja hawana. Asiyejipima kabisa hujifariji kwa maneno. Na maisha hayamngojei. Kijana asiye na ajira akikaa na daftari, nyumbani wanataka waone kitu, na ana haki ya kuwa na kitu cha kuwaonyesha, na cha kujionyesha mwenyewe pia siku ile moyo unapovunjika. Namba inayopanda imewaokoa wengi wasiache katikati.

Ninachosema ni kwamba tujue kipimo kipi ni cha kazi ipi. Saa ulizokaa kitini leo, kurasa ulizojaza, siku ulizoandika bila kuruka, hivi ni kama ukili: vinyooshe uvipime kila jioni, havitakudanganya, kwa sababu viko mkononi mwako. Ukiwa unanakili mswada uliokwisha, au unausahihisha sura kwa sura, hapo mwisho unaujua, na kimstari kinafaa sawasawa. Lakini swali la kisa kimefika wapi usimwachie mtu wa programu akujibie kwa rangi. Hilo lijibu kama alivyojibu Salme juu ya mfupa wake: leo herufi yangu inafanana zaidi na ile niitakayo, au bado?

Kwa hiyo ndugu yangu, mama akileta chai na kukuuliza umefika wapi, usimwambie asilimia. Msomee ukurasa wa leo. Akinyanyua uso na kuuliza "halafu ikawaje?", umefika mahali. Na hesabu ya jumla itaje kama Mwana Kupona, ukishaweka nukta ya mwisho.