Ushonaji wa nyumbani mjini Bukavu

Ushonaji wa nyumbani ni kazi ya kupima, kukata, kuunganisha na kurekebisha nguo, ambayo mtu huifanya kwa ajili yake na jamaa zake bila kuwa fundi wa kulipwa. Mjini Bukavu, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wengi huuhesabu ushonaji kuwa elimu ya riziki. Msichana akianza tu kujifunza, huulizwa atafungua wapi atelie yake. Swali hilo linaeleweka katika mji wenye ajira chache, lakini limezifunika faida ambazo hazipitii mfukoni: utulivu wa akili, nguo inayomkaa mvaaji, ujuzi wa kuokoa vazi lililochakaa, na mazungumzo yanayokwenda na sindano. Faida hizo humfikia hata yule ambaye hatauza blauzi moja maishani mwake.

Kitambaa na kipimo chake

Bukavu imejengwa juu ya rasi na vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, katika mwinuko wa karibu mita 1,500, na Mto Ruzizi ndio unaoitenga na Rwanda. Asubuhi na jioni kuna baridi, na mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, kwa hiyo watoto huhitaji mikono mirefu na nguo nzito kuliko za watoto wa mwambao wa bahari. Vitambaa, nyuzi, vifungo na zipu hupatikana masokoni, likiwemo soko kubwa la Kadutu na lile la Nyawera katika komini ya Ibanda.

Kitambaa kinachotawala ni kikwembe, ambacho Watanzania na Wakenya hukiita kitenge. Nchini Kongo huuzwa kwa yadi. Pisi nzima ni yadi 12, nazo hutoa vikwembe sita vya yadi mbili mbili. Nusu pisi ni yadi 6, yaani vikwembe vitatu. Vitatu hivyo ndivyo vazi kamili la mama wa Kikongo: kimoja cha blauzi, kimoja cha kujifunga kiunoni, na kimoja cha kuzungusha juu yake au kubebea mtoto. Kikwembe kimoja kina urefu wa karibu mita 1.83 na upana unaokaribia mita 1.2. Anayezijua hesabu hizi haendi sokoni akiwa gizani. Anaweza kuona mapema kwamba kikwembe kimoja kinatosha gauni la mtoto wa miaka mitano na kubakiza kitambaa cha kichwa, na anajua kuuliza vipande vyake vilivyobaki anapompelekea fundi kazi kubwa.

Ugumu wa kikwembe uko kwenye maua yake. Michoro ni mikubwa, pengine ndege mmoja au taa moja hujaza kifua kizima, na mkasi ukishapita hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kukata, kitambaa hulowekwa na kuanikwa ili wanga wa kiwandani utoke na pamba irudi mara moja tu. Kisha hutandikwa mezani, sehemu ya kifua hutafutiwa ua lake, na upande wa kushoto hulinganishwa na wa kulia. Mkono wa blauzi ukikatwa kinyume, ndege wa upande huo ataning'inia kichwa chini. Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kupima mara mbili, na kujifunza huko hakuishii kwenye nguo.

Ilikotoka kazi hii

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, ushonaji ulifundishwa kwa wanawake wa mijini kupitia vituo vya jamii vilivyoitwa foyers sociaux. Kile cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kilifanya kazi kuanzia 1946 hadi 1960, na wanawake walifundishwa humo kushona, kupika na usafi wa nyumba. Nia ya wakoloni ilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani kwa kipimo cha Ulaya. Wanawake walichukua sindano, na baada ya uhuru waliitumia kwa mitindo yao wenyewe. Masista wa Kikatoliki nao walifundisha wasichana kushona, na hadi leo shule za sekondari za Kongo zina mchepuo wa ukataji na ushonaji ambao mwanafunzi huumaliza kwa mtihani wa taifa.

Kisha ikaja amri ya Rais Mobutu. Chini ya siasa yake ya uhalisi, iliyoanza mapema miaka ya 1970, suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku hadi 1990. Wanaume wenye vyeo walivaa abacost, koti lisilo na tai, na wanawake walihimizwa kuvaa vikwembe badala ya suruali. Siasa hiyo ilileta maumivu mengi, lakini iliacha nyuma yake mazoea ya kuvaa nguo iliyopimwa mwilini mwa mvaaji.

Wanaume hawakuwahi kuwa nje ya kazi hii. Mafundi wengi wanaokaa barazani Bukavu ni wanaume, na huko pwani, Zanzibar na Lamu, kofia za kutarizi kwa mkono zimeshughulisha vidole vya wanaume na wanawake kwa vizazi. Mvulana anayeambiwa kwamba sindano ni ya dada yake ananyimwa bure kitu ambacho kingemfaa.

Sare, pindo na kiraka

Faida inayoonekana haraka zaidi iko kwenye sare ya shule. Kongo yote hutumia shati jeupe na sketi au suruali ya buluu iliyoiva. Mtoto hurefuka, sare hairefuki. Mzazi anayeshona huacha pindo pana la sentimita sita au zaidi tangu siku ya kwanza, akalishikiza kwa mkono badala ya kulipiga mashine, na kila mwaka wa shule unapoanza hulifumua na kulishusha kidogo. Mstari wa pindo la zamani hubaki umepauka, basi hufunikwa kwa mshono wa mapambo au utepe mwembamba. Hali kadhalika kiunoni: akiacha nafasi ya ziada kwenye mshono wa nyuma, suruali moja hufika mbali. Kazi hii ni ya jioni moja tu, ila kwa fundi hudai foleni na malipo.

Mitumba nayo imebadilisha maana ya kujua kushona. Nguo zilizokwishavaliwa Ulaya, Marekani na Asia huletwa kwa marobota na kumwagwa masokoni. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilipandisha ushuru wake mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuondoa msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda. Siasa za mitumba ni pana. Nyumbani jambo ni jepesi: koti la mtu mnene wa nchi nyingine linaweza kuwa koti la kijana mwembamba wa komini ya Bagira mjini Bukavu, mradi kuna mtu anayeweza kuingiza mishono ya ubavuni na kuinua mabega. Kuinua mabega ni kazi ngumu, na mwenye kuiweza haogopi tena nguo yoyote.

Kisha kuna Machi 8. Siku ya Wanawake husherehekewa Kongo kwa vikwembe vya aina moja, kila chama, ofisi au kwaya ikichagua kitambaa chake, na majuma yanayotangulia mafundi huzidiwa. Wanaoshona wenyewe hawaingii katika purukushani hiyo. Zaidi ya hapo, wanaweza kuvaa kitambaa kile kile kwa mshono usiofanana na wa jirani, na katika safu ya wanawake mia moja waliovaa rangi moja, kola ya aina yake huonekana.

Akili na mikono

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu furaha ya kuzama kazini, alieleza kwamba mtu hutulia zaidi anapofanya jambo lenye ugumu unaolingana na uwezo wake na linaloonyesha matokeo papo hapo. Ushonaji unatimiza masharti yote mawili. Mshono ukipinda unaonekana palepale, na kufumua hakugharimu ila muda. Mwaka 2015 jarida la tiba la Neurology lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia wazee 256 wenye umri wa miaka 85 na zaidi: waliokuwa wakifanya kazi za mikono, ushonaji ukiwemo, tangu umri wa makamo walionekana kupata upungufu wa kumbukumbu kwa kiwango kidogo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sindano ndiyo iliyolinda ubongo, kwa kuwa wenye afya njema ndio wanaodumu na kazi za mikono. Hata hivyo unakubaliana na yanayojulikana kuhusu akili inayoendelea kupewa kazi.

Bukavu ina ushahidi wake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, imetibu maelfu ya wanawake walioumizwa kwa ubakaji wa kivita. Wakfu wa Panzi huendesha Maison Dorcas, nyumba ya wanawake ambao wameshatibiwa lakini bado hawajawa tayari kurudi makwao, na ushonaji ni mojawapo ya kazi zinazofundishwa hapo. Nyumba hiyo ina jina la Dorkasi, mwanamke wa Yafa anayesimuliwa katika Matendo ya Mitume, ambaye alipofariki wajane walimwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyokuwa amewashonea. Wapo wanaozipima programu kama hizi kwa kuuliza ni wanawake wangapi wamefungua atelie. Kipimo hicho ni kifupi mno. Kwa mtu ambaye mwili wake ulichukuliwa kama kitu kisicho na mwenyewe, kuchukua futi kamba, kuupima mwili huo huo kwa mikono yake na kuukatia vazi alilolichagua ni jambo lenye uzito wake, hata kama vazi hilo halitauzwa kamwe.

Hoja ya soko nayo inaelekea huko huko. Kwa kuwa ushonaji umefundishwa sana, mtaa mmoja unaweza kuwa na mafundi wengi wanaogombea wateja walewale, na vita vinapokaribia, wateja wenyewe hufunga mikoba. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025 na benki zikafungwa, nguo mpya hazikuwa tena jambo la kufikiriwa na wengi. Aliyejifunza kwa ahadi ya kipato pekee huvunjika moyo wakati kama huo. Aliyejifunza kwa kupenda bado ana suruali za kutia viraka, watoto wa kuvisha, na mahali pa kuweka mawazo yake jioni.

Kupata cherehani na kuianza

Umeme wa Bukavu hutoka hasa kwenye mabwawa ya Ruzizi, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la 1989, na hautoshi kwa mji uliokua kiasi hiki. Ndiyo sababu cherehani ya kukanyaga kwa miguu bado ina heshima yake. Haisimami umeme ukikatika, chuma chake hudumu, na mwendo wake uko chini ya nyayo za mshonaji, jambo linalomfaa mwanafunzi kuliko mota inayokimbia. Cherehani ya mkono hutosha kwa chumba kidogo, ila mkono mmoja hushughulika na mpini na mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa.

Anayenunua iliyotumika aende na kipande cha kikwembe na uzi wa rangi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Aanze kwa kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono: likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna chuma kilichopinda. Kisha ashone mstari na kuugeuza. Uzi wa juu ukijikunja vitanzi upande wa chini, mara nyingi haukupitishwa sawasawa au umelegea, na hilo hurekebishika bila fundi. Sindano namba 90 inafaa pamba ya kikwembe, na ibadilishwe mara inapoanza kutoboa kwa kelele. Matone machache ya mafuta ya cherehani na brashi ya kuondoa vumbi la nyuzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa huzuia hitilafu nyingi. Mafuta ya kupikia yasitumiwe kabisa, kwani huganda.

Kiti kiwe na urefu unaoacha viwiko usawa wa meza, na mwanga utoke kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Kazi ya kushona kwa mkono ifanywe mchana, hasa kwenye kitambaa cheusi au cha buluu ya sare, kwa sababu macho huchoka kwa taa ya simu kabla mtu hajajua. Mradi wa kwanza unaofaa ni mfuko wa kubebea vitu sokoni: mishono yote imenyooka, hauhitaji kipimo cha mwili, na mabaki ya nusu pisi yanatosha.