Wanaomhudumia Mgonjwa Nyumbani na Wajibu wa Kila Mmoja

Wampembe ipo mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitalini Sumbawanga akishafika huku, si rahisi kumrudisha kila hali inapobadilika. Hivyo familia yapasa kufahamu ni nani watamhudumia, na mipaka ya kila mmoja.

Wa kwanza ni ndugu mlezi: mke, binti au mjukuu. Humlisha mgonjwa, humwogesha, humpa dawa kwa saa zake na kumgeuza mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulala. Kwa kuwa hana mshahara wala likizo, ndugu wengine wampokee kwa zamu. Mtoto asiachishwe shule kwa ajili ya kazi hii.

Wa pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa Taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kupata wahudumu 137,294 nchini. Hutembelea kaya, hutoa elimu ya afya, hutambua dalili za hatari na kutoa rufaa. Yeye si daktari; msaada wake mkubwa ni kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu mapema.

Wa tatu ni muuguzi. Kusafisha vidonda vikubwa, kubadilisha mpira wa mkojo na kuchoma sindano ni kazi yake. Kwa ugonjwa usiopona, yeye na daktari huongoza tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na kulinda utu wa mgonjwa.

Wa nne ni msaidizi wa kazi za nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua kuwa mfanyakazi mwenye haki ya ujira, mapumziko na likizo, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyeajiriwa kupika na kufua asikabidhiwe mgonjwa mahututi bila kufundishwa wala kuongezewa ujira.

Nayo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo humtembelea mgonjwa, humpumzisha mlezi na kumwita padre. Asiitwe dakika za mwisho, kwa maana Mpako wa Wagonjwa si kwa ajili ya wanaokata roho peke yao.

Kabla ya kuondoka hospitalini, familia iandike katika karatasi moja: dawa na saa zake, dalili za hatari, zamu za walezi, na namba ya simu ya mhudumu wa kitongoji. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na kitanda.