Historia ya Breki na Kulika Kwake

Mandera ni mji uliopo katika pembe ya mwisho ya Kenya, upande wa kaskazini mashariki. Ng'ambo ya Mto Daua iko Ethiopia, na upande wa mashariki, mwendo mfupi wa miguu, iko Somalia. Kutoka Nairobi hata Mandera, kwa njia ya Garissa na Wajir, ni kilomita zipatazo 1,000. Katika nchi hiyo ya jua na mchanga, mizigo ilichukuliwa kwa karne nyingi juu ya migongo ya ngamia na punda. Nakuomba, msomaji, tuanze safari yetu hapo, kwa sababu ngamia atatufundisha jambo ambalo baiskeli haiwezi kutufundisha.

Ngamia aliyetwikwa mizigo huongozwa kwa kamba. Akiona shimo mbele yake, husimama. Akichoka, hupiga magoti, wala hana haja ya kuamriwa. Mnyama ana macho, ana hofu na ana akili, na vitu hivi vitatu ndivyo breki yake. Gurudumu halina hata kimoja. Hukimbia kwa bidii ile ile likielekea nyumbani au likielekea gengeni. Basi siku mwanadamu aliposhuka mgongoni mwa mnyama akapanda juu ya gurudumu, alipata mwendo, lakini alimpoteza mtumishi aliyejua kusimama mwenyewe. Ilimbidi aitengeneze akili hiyo kwa chuma, kwa mpira na, baadaye, kwa mafuta.

Kabla hatujaendelea, shika jambo moja la maumbile. Kitu kinachokwenda kina nguvu ndani yake, na nguvu hiyo haipotei kwa kutamani. Breki huigeuza nguvu ya mwendo kuwa joto kwa kusuguanisha vitu viwili. Gusa ringi ya baiskeli iliyotoka kushuka mlima mrefu, nawe utaisikia ikiwa moto. Lakini vitu viwili vikisuguana, hapana budi kimoja kilike, na pengine vyote viwili. Hakuna kusimama kwa bure. Kwa hiyo historia ya breki ni historia ya swali moja: tukitaka kusimama, ni kitu gani kiliwe?

Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, Karl Drais alionyesha chombo cha magurudumu mawili ya mti. Hakikuwa na pedeli. Mpandaji alikaa juu yake akaisukuma ardhi kwa miguu, na kwa miguu hiyo hiyo aliweza kujizuia. Hapo kilicholiwa ni soli za viatu. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris, miongoni mwao Pierre Michaux, walitengeneza baiskeli zenye pedeli katika gurudumu la mbele. Mpandaji aliuzungusha usukani, kamba ikakazika, na kipande cha breki kikaligandamiza gurudumu la nyuma lililovikwa ukanda wa chuma.

Kisha zikaja, katika miaka ya 1870, zile baiskeli za ajabu zenye gurudumu la mbele kubwa kama mlango na la nyuma dogo kama sinia. Breki yake ilikuwa bapa la chuma mfano wa kijiko, lililokandamiza mpira wa gurudumu la mbele kutoka juu. Mpandaji aliyeibana kwa ghafula alirushwa kichwa mbele kupita juu ya usukani. Watu wakajifunza kwa maumivu kwamba breki kali isiyo mahali pake yaweza kuwa na hatari sawa na kukosa breki.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kulizungusha la nyuma. Huyo ndiye babu wa baiskeli unayoiona leo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, daktari wa mifugo wa mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi lililojazwa upepo. Wapandaji walifurahi, kwani mifupa yao ilipumzika. Lakini neema hiyo ilileta shida yake. Breki ya kijiko, iliyokuwa ikisugua mpira mgumu, sasa ilisugua tairi laini lenye upepo na kulimaliza upesi. Chombo cha kumwokoa mpandaji kilikuwa kinakula kitu cha thamani kubwa katika baiskeli yake.

Hapo ndipo mafundi walipotoa jibu la busara. Waliihamisha breki kutoka kwenye tairi na kuipeleka kwenye ringi, wakaweka vipande vidogo vya raba viigandamize. Raba ni laini, ringi ni ngumu. Kwa hiyo aghalabu raba ndiyo iliwayo kwanza. Tena raba ni rahisi, na mtu aweza kuibadilisha kwa dakika chache. Angalia uzuri wa fikira hiyo: hawakujaribu kuzuia kulika, kwani haiwezekani. Walichagua kitu cha kulika.

Mkono wa mpandaji ulifikishwa kwenye raba kwa njia mbili. Ya kwanza ni waya upitao ndani ya mfereji unaopindika, ambao Ernest Monnington Bowden alipata hati yake mwaka 1896. Ya pili ni fito za chuma zilizounganishwa kutoka usukanini hadi kwenye gurudumu. Hii ya pili ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki, katika baiskeli nzito nyeusi za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye Phoenix kutoka Shanghai na Hero kutoka India. Watu wa Kenya waliipa baiskeli ya namna hiyo jina la Black Mamba. Ilibeba maji, mkaa, magunia ya mahindi na wagonjwa. Huko Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ilibeba abiria tangu miaka ya 1960, na kutoka huko likazaliwa neno bodaboda. Breki ya fito ilikuwa imara, na fundi aliweza kuinyosha kwa nyundo. Lakini mvua ikinyesha juu ya ringi yake ya chuma, ilishika kwa shida. Raba zilipokwisha na mpya zisipatikane, fundi alikata vipande vya tairi kuukuu akavitia mahali pake. Wengine hawakufanya hata hivyo. Walizuia gurudumu kwa soli ya kiatu, wakarudi walikokuwa watu wa mwaka 1817.

Sasa tutazame mafuta. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo, kikisukumwa mahali pamoja, hupeleka msukumo ule kila upande bila kuupunguza. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitolewa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ukisukuma kwa pistoni ndogo, na mafuta yale yakaisukuma pistoni yenye eneo mara tatu zaidi, utapata nguvu mara tatu. Lakini pistoni kubwa itakwenda theluthi tu ya mwendo wa ile ndogo. Mwaka 1795 Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo katika mashine ya kukandamiza. Mwaka 1917 Malcolm Loughead wa Marekani alipata hati ya breki za mafuta, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikauza gari lenye breki hizo katika magurudumu yote manne. Land Rover, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 na kuja kukanyaga mchanga mwingi wa kaskazini mwa Kenya, ilikuwa nazo pia. Bajaji zibebazo abiria mjini Mandera leo husimama kwa kanuni ile ile ya Pascal.

Baiskeli ilichelewa. Mwaka 1987 kampuni ya Magura, ya mji wa Bad Urach huko Ujerumani, ilitoa breki ya mafuta inayobana ringi. Mahali pa waya pakawekwa bomba jembamba lenye mafuta. Mahali pa fito, pistoni mbili zinazotazamana, kila moja na raba yake. Walioipenda sana ni wachezaji wa baiskeli za kuruka vizuizi. Katika mchezo huo, uliopata nguvu zake za kwanza Hispania katika miaka ya 1970, mchezaji hupanda miamba na magogo bila kugusa chini kwa mguu. Husimama juu ya jiwe kwa gurudumu moja, na gurudumu hilo lazima lifungwe kabisa kwa kidole kimoja. Ili raba ishike zaidi, wengine huukwaruza uso wa ringi kwa mashine ya kunolea, hata kuupaka lami. Breki yao hushika kama meno ya mamba, na raba zao hulika upesi.

Nitakueleza jinsi breki hiyo inavyotengenezwa, kwa kuwa kanuni zake zitakufaa hata mbele ya chombo kingine. Kwanza tazama kabla ya kufungua. Raba nyingi zina mifereji usoni; mifereji ikifutika, raba imekwisha. Tazama na ringi: ikiwa ubavu wake umekuwa mwembamba au umebonyea, usiitumie tena, kwani upepo wa tairi waweza kuipasua. Kisha bana mkono wa breki. Ukienda mbali lakini ukisimama imara, raba zimelika na zimekuwa mbali na ringi. Skrubu ya kurekebisha huzisogeza karibu. Ukiwa laini kama sifongo, upepo umeingia ndani ya mafuta. Upepo hubanika, mafuta hayabaniki. Kwa hiyo nguvu ya kidole huishia katika kubana upepo badala ya kufika kwenye ringi.

Ukibadilisha raba, rudisha kwanza skrubu ya kurekebisha mahali pake pa mwanzo. Vua zilizokwisha, futa mchanga katika pistoni, tia mpya zote mbili kwa pamoja, kisha uhakikishe kwamba zinagusa ringi peke yake. Raba igusayo tairi italitoboa. Raba ipitayo chini ya ringi yaweza kunasa katika spoki. Ukitoa upepo, sukuma mafuta mapya kwa bomba la sindano kutoka chini, kwenye pistoni, kwenda juu, kwenye mkono wa breki. Upepo ni mwepesi kuliko mafuta, nao hupenda kupanda. Endelea mpaka mapovu yakome, kisha ufunge. Futa kila tone, kwa maana mafuta juu ya raba huiharibu kazi yote.

Kuna onyo moja ambalo sharti ulishike. Breki hizi za baiskeli za Magura hutumia mafuta ya madini. Breki za magari mengi hutumia mafuta ya namna nyingine. Ukiyachanganya, mipira midogo inayozuia mafuta yasivuje itavimba na kuharibika, na breki itakuacha siku usiyoitarajia. Chupa mbili zaweza kufanana, lakini fundi mwema husoma maandishi kabla ya kumimina.

Pengine utauliza: haya yanamfaa nini kijana wa Mandera, ambako ardhi ni tambarare na baiskeli za kuruka miamba hazionekani? Nitakujibu kwa historia ya mahali penyewe. Sheria ya wakoloni ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, ziliifunga nchi ile ya mpakani. Mgeni hakuingia wala mwenyeji hakutembea apendavyo bila ruhusa. Desemba 1963 serikali ya Kenya huru ilitangaza hali ya hatari huko, na sheria zake hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Kwa miaka mingi barabara ilikuwa ndefu kwa kilomita, ikawa ndefu zaidi kwa amri. Mahali kama hapo, kipande kidogo kikilika, hakuna duka mtaa wa pili. Aliyekiona kinalika mapema aliagiza mapema. Aliyengoja mpaka chuma kikalie juu ya chuma alipoteza si raba tu, bali ringi, na huenda roho ya mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Barabara tambarare nayo ina hila yake. Mtu huisahau breki kwa muda mrefu kwa kuwa haihitaji, na siku kundi la mbuzi au mtoto akatizapo ghafula mbele yake, ndipo anapokumbuka kwamba hakuitazama. Ngamia angalisimama kwa macho yake mwenyewe. Gurudumu litasimama tu ikiwa macho yako wewe yalikwisha kutazama jana.

Mabwana waliohamisha breki kutoka tairi hadi ringi walituachia kipande kidogo cha raba ambacho kazi yake ni kuliwa badala yetu. Kipande hicho hakilalamiki, wala hakipigi kelele mpaka kimekwisha. Chukua dakika moja kila juma, iname, ukitazame. Na mifereji yake ikifutika, kibadilishe.