Power Pop Ni Nini? Hizi Hapa Albamu 3 za Kucheki Kabla Bundles Ziishe

Kama simu yako imejaa Gengetone, Arbantone na Amapiano pekee, tulia kidogo. Kuna ngoma za gitaa zenye nguvu, sauti tamu zinazopishana, na korasi inayokukwama kichwani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hiyo ndiyo power pop. Ndugu yake mpole anaitwa indie pop, na siku hizi bendi nyingi zinachanganya zote mbili.

Jina lenyewe si la juzi. Pete Townshend wa The Who alilitumia mwaka 1967 akieleza muziki wa bendi yake. Kisha Big Star kutoka Memphis, Marekani, wakatoa #1 Record mwaka 1972. Waandishi waliisifu sana, lakini usambazaji ulikuwa mbovu na albamu haikuuza. Bado bendi nyingi za leo zinawafuata. Siri yao? Muziki unachangamka, maneno yanauma.

Haya, cheki hizi tatu.

1. Alvvays: Blue Rev (2022)

Hawa ni wasee wa Toronto, Kanada. Mashabiki walingoja miaka 5 tangu Antisocialites ya 2017, na si kwa sababu ya uvivu. Mwizi aliingia kwa mwimbaji Molly Rankin akabeba demo zake, kisha mafuriko yakaingia chumba cha chini na vyombo vikaponea chupuchupu. Matokeo ni ngoma 14 zilizojaa moto. Shida ni moja tu: gitaa zinavuma hadi maneno yanazama, kwa hivyo sikiza mara mbili. Anza na "Belinda Says", iliyoteuliwa kuwania Grammy.

2. The Lemon Twigs: A Dream Is All We Know (2024)

Brian na Michael D'Addario ni ndugu wa damu kutoka Long Island, New York. Ukifunga macho utadhani ni mwaka 1966 na Beach Boys wako kwa redio. Sauti zao zikipandana, manze, ni tamu kama miwa. Hata Sean Ono Lennon, mtoto wa John Lennon, ametia mkono kwa "In the Eyes of the Girl". Lakini tuseme ukweli: wanaenzi zamani hadi wanasahau kutuambia maisha yao ya leo yakoje. Ni poa kwa Jumapili ukifua nguo, ila haitakufuata hadi usiku.

3. The Beths: Straight Line Was a Lie (2025)

Hii ndiyo kali kuliko zote. The Beths ni wa Auckland, New Zealand. Mwimbaji wao, Elizabeth Stokes, alianza kutumia dawa za mfadhaiko. Akili ikatulia, lakini nyimbo zikakataa kuja. Hakungoja zijirudie zenyewe: alichukua taipureta akawa anaandika kurasa kwa kurasa kila siku. Jina la albamu linabeba ujumbe wote, kwamba kupona si barabara nyoofu. Unaweza kuzunguka ukajikuta ulipoanzia. Ni kweli, Expert in a Dying Field ya 2022 ilikuwa na korasi nzito zaidi. Lakini hapa kuna "Mother, Pray for Me", wimbo wa taratibu kuhusu yeye na mamake. Kama umewahi kumpigia mathe simu mkaongea tu kuhusu mvua, ilhali kuna mengine mazito hamsemi, utaelewa.

Kwa hivyo rada ni hii: ukiwa na bundles za albamu moja tu, chukua The Beths. Ukiwa na za mbili, ongeza Alvvays. Lemon Twigs wangoje WiFi ya bure. Na usiruke ngoma ovyo ovyo, maana muziki huu hujificha. Mara ya kwanza utatingisha kichwa tu. Ni mara ya tatu ndipo utasikia anayeimba ana machungu gani.