Amafumu wa Rungwe, Waliopanda kwa Kusuluhisha

Katika vilima vya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ilipo kata ya Nkunga leo, Mnyakyusa wa miaka mia moja iliyopita aliyegombana na mwenzake kwa ng'ombe wa mahari hakukimbilia kwa chifu. Alianza kwa jirani. Alimwendea mtu wa rika lake ambaye watu walimjua kwa kusikiliza pande zote mbili, akamweleza kisa, kisha mdaiwa naye akaitwa aseme. Msuluhishi huyo hakuwa na askari wala faini. Aliyeona hukumu yake haifai aliweza kuinuka na kupeleka shauri lake mbele. Nguvu ya msuluhishi ilikuwa moja tu: watu waliendelea kumjia.

Godfrey Wilson, Mwingereza aliyefika Rungwe mwaka 1934 kuchunguza maisha ya Wanyakyusa, aliandika juu ya mashauri haya katika makala yake ya mwaka 1937 kuhusu sheria za kabila hilo. Mkewe, Monica, alifanya utafiti pamoja naye hadi 1938. Wasingefika mbali bila karani wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyewaandikia na kuwafasiria maneno ya wenyeji. Naye alikuwa msuluhishi wa namna yake, maana aliwawezesha kuelewana watu wa lugha mbili tofauti.

Ili kuelewa jinsi jirani wa kawaida alivyogeuka kuwa mtu mkubwa, lazima kujua kijiji chenyewe kilivyojengwa. Kwingi Afrika Mashariki watu wamekaa kwa ukoo, baba, wana na wajukuu katika boma moja. Wanyakyusa walikaa kwa rika. Mvulana wa miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa baba, akajenga kibanda na wenzake pembeni ya kijiji cha wazee. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa walileta wake zao hapohapo, na kijiji cha wavulana kikawa kijiji cha wanaume wazima. Maisha haya ya kukaa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza waliyaita ukwangala, na waliamini kwamba humo ndimo mtu anamopata amahala, yaani akili ya kuishi na watu. Monica Wilson aliuona ukwangala kuwa kiini cha jamii nzima, na kitabu chake cha mwaka 1951 kina jina linalotokana na wazo hilo la wenzi wema.

Sasa fikiria kijiji ambamo majirani wako si ndugu zako. Ugomvi hauna baba mmoja wa kuuzima. Lazima apatikane mtu.

Mtu huyo alipatikana kwa kuonekana. Tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe, wavulana walishajua nani kati yao anaamua mchezo bila upendeleo na nani anachochea. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe kubwa iitwayo ubusoka. Wazee walikabidhi nchi kwa vijana, wana wa chifu walitolewa hadharani kuwa machifu wapya, miti ikapandwa, na kila kijiji kikapewa kiongozi wake, ilifumu, ambaye kwa wingi huitwa amafumu. Ilifumu hakutoka katika nyumba ya chifu. Alikuwa mtu wa kawaida, na waliomchagua walikuwa wazee waliokwisha kuifanya kazi hiyo wenyewe. Chifu, malafyale, alizaliwa malafyale. Ilifumu alijengwa na mashauri ya wenzake. Kwa macho ya leo hii ndiyo sehemu ya historia ya Rungwe inayostahili heshima zaidi, ingawa kumbukumbu za serikali zimejaa majina ya machifu.

Kazi yake haikuishia mchana. Watu waliamini kwamba ilifumu hulinda kijiji usiku, katika ndoto, dhidi ya wachawi. Waliamini pia kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosea yalimshukia kama baridi na kumletea homa. Waliyaita embepo sya bandu, pumzi ya watu. Kwa hiyo kupatanisha kulikuwa pia kuponya: aliyekosa alitoa chakula au pombe, majirani wakatoa yaliyokuwa moyoni, na chuki haikuachwa ifichike kimya. Kunywa kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na mtu uliyemshitaki jana si jambo dogo pale watu wanapoogopana.

Mwaka 1926 utawala wa Waingereza uliweka mahakama za wenyeji, na machifu waliotambuliwa wakapata mshahara, karani na daftari. Migogoro nayo ikabadilika. Vijana walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, wakarudi na fedha. Kahawa ikafanya shamba kuwa mali ambayo mtu hataki kuiacha ili kuhamia na rika lake. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta vijiji vya rika vinavunjika. Tanganyika huru ilifuta uchifu mwaka 1963, na mahakama za mwanzo zikachukua mashauri.

Hata hivyo mtu wa kati hakutoweka. Sheria ya mwaka 1985 ilianzisha mabaraza ya kata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaleta baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, jambo ambalo amafumu, waliokuwa wanaume pekee, hawakulijua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikawatambua wasaidizi wa kisheria.

Mwaka 2021 Bunge liliondoa mamlaka ya baraza la kata ya kuamua kesi za ardhi na kulibakishia kazi ya kupatanisha, kwa siku 30. Pande zikishindwa kukubaliana, ndipo shauri linakwenda baraza la wilaya. Mjumbe wa baraza huko Nkunga leo anakaa mbele ya majirani wawili wanaogombea mpaka wa shamba, bila uwezo wa kumlazimisha yeyote.