Udongo Unaoshuka Ziwani

Ninyi mnaokaa Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, mmekwisha kuona ziwa kiisha mvua kubwa kunyesha. Maji ya pembeni yamegeuka mekundu. Wekundu ule unatoka wapi? Unatoka milimani. Ni udongo wa mashamba yetu.

Tanganika ni ziwa refu, kilometa 670 hivi, na kina chake kinapita meta 1400. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini mvua haijui mipaka. Tone linaloanguka mlimani linashuka kijitoni, kijito kinaingia mtoni, mto unaingia ziwani. Mlima usio na miti hauwezi kuyazuia maji. Yanabeba udongo na kuumwaga juu ya mawe ya pwani, mahali samaki wengi wadogo wanapopata chakula na kutaga mayai. Basi mkulima anapoteza shamba, na mvuvi anapoteza samaki.

Ng’ambo ya pili, karibu na Kigoma, iko Gombe. Bibi Jane Goodall, Mwingereza, alifika pale mwaka wa 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Siku zile msitu ulienea mbali. Miaka 30 ilipopita, alipita juu kwa ndege, akashangaa: nje ya Gombe milima ilikuwa karibu uchi. Watu walikuwa wamezidi, ardhi haikutosha, na maskini walilima hata penye mteremko mkali, wapate kulisha watoto. Je, tuwahukumu? Hapana. Yeye naye hakuwahukumu. Alijiuliza: watu wenye njaa watalindaje msitu?

Mwaka wa 1994 ikaanza kazi iitwayo TACARE. Jina lile lilikusanya mambo matatu: milima inayomimina maji katika Tanganika, kupanda miti tena, na kufundisha. Umoja wa Ulaya ulisaidia kwa feza, na vijiji 12 viliingia kwanza.

Waliotumwa vijijini walikuwa Watanzania wenyewe. Hawakufika na amri. Waliuliza: ninyi mnahitaji nini? Watu hawakutaja miti, wala sokwe. Walitaka mashamba yazae, walitaka dawa, walitaka masomo mazuri kwa watoto. Basi kazi ilianzia hapo: kurudisha rutuba ya udongo, kusaidia masomo na nyumba za dawa, kukopesha wamama feza kidogo za kuanza kazi, kulipia wasichana masomo. Ndipo wanakijiji walipokubali kutenga sehemu za milima zisilimwe wala kukatwa. Tena visiki vilivyoonekana kama vimekufa vikachipuka vyenyewe.

Na watoto je? Mwezi wa pili, mwaka wa 1991, wanafunzi 12 walikutana na Bibi Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, wakaanzisha chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Chama kile kiliingia hata katika masomo ya vijiji vya Kigoma. Kilifika pia katika kambi ya Lugufu, walimokaa wakimbizi wa kwetu Kongo. Mtoto alijifunza kwa mikono yake: kuotesha mbegu, kutunza mche, kupanda mti. Jioni alirudi kwa baba yake, ambaye alikuwa amekaa katika mkutano wa kijiji juu ya mlima uleule. Somo moja, walimu wawili.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Mwalimu peke yake akisema “linda mlima”, na baba hana shamba lingine, mtoto atamsikia nani? Lakini mwalimu, mzazi na mkubwa wa kijiji wakikaa pamoja, maneno yanapata mizizi.

Mwaka wa 2003 nchi zote nne zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa. Ni vema. Lakini karatasi haizuii udongo. Mvua ijayo ikinyesha, chukueni watoto, simameni pembeni ya mto, mwaulize: maji haya mekundu yanabeba shamba la nani?